Niliyowatafsiria Wavuvi wa Buzebazeba

Gungu, Kigoma
Jumapili mchana

Kaka Edgar,

Shikamoo. Huku mwisho wa reli mimi ni mzima wa mwili, ila nimechoka uchovu usioisha kwa kulala. Vipi nyumbani, vipi shemeji na watoto? Kuhusu Mama siulizi hapa pamoja na wengine, kwa sababu barua yote hii ni kwa ajili yake. Nataka kujua anaumwa nini.

Simu nne nimepiga mwezi huu, zote umepokea wewe. Mara ya kwanza alikuwa anapumzika. Ya pili yuko bombani. Ya tatu ameenda jumuiya, siku ya Jumanne, wakati jumuiya yetu hapo Kilosa tangu nizaliwe inasali Alhamisi. Ya nne ukanichekesha kwa habari za mbuzi wa jirani mpaka salio likaisha, na nilipoweka simu chini nikagundua sijaisikia sauti ya Mama. Ndiyo maana naandika. Kwenye karatasi huwezi kunichekesha nikasahau.

Kazini tumebaki wawili maabara nzima. Naangalia vioo vya malaria tangu asubuhi, na nikifumba macho bado naona vidoa vya zambarau. Jumamosi nikitoka zamu naenda Buzebazeba, kwenye banda la video la Ba Amisi, mzee ambaye familia yake ilivuka ziwa kutoka Kongo zamani. Utacheka: wanapenda zile filamu zetu za jasusi, zile tulizokuwa tunaangalia kwa jirani. Sasa zimefika nane. Hakuna anayezitaja kwa majina ya Kiingereza. Ni Ya Treni, Ya Barafu, Ya Mapacha, Ya Ngamia. Ukutani kuna ubao wenye orodha, kuanzia bora hadi ya mwisho, na chaki anaishika Ba Amisi peke yake. Kila mwezi mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawafuati taa, kwa hiyo wavuvi hawaingii ziwani. Basi mchana wanajaa bandani kubishania orodha hiyo kama watu wanaogawana urithi.

Jana walianza hata kabla sijakaa.

"Ya Treni iwe juu," alisema fundi mmoja wa nyavu. "Stelingi anapigana juu ya behewa dakika kumi, kofia haidondoki!"

"Wewe unasifia kofia," akamjibu Bilali, nahodha wa mtumbwi huko Bangwe, mtu mzima mwenye sauti iliyokwaruzwa na baridi ya ziwa. "Ya Barafu ndiyo filamu. Dada anazama chini ya barafu, stelingi anarudi kumchukua. Mtu wa maji hamwachi mwenzake. Hizo nyingine ni sarakasi."

"Mbona huyo dada hatujamwona tena kwenye zilizofuata?"

"Bado yuko hospitali! Wewe na huo mwili wako, ukipigwa na baridi ile ungetoka lini?"

Banda zima likacheka. Ba Amisi akagonga ubao. "Munyamaze! Tutaiangalia tena, ndipo tupige kura."

Tatizo ni kwamba CD yenye mtafsiri wa Kiswahili ilishachubuka, na aliyoipata ni ya Kiingereza kitupu. Akanigeukia. "Dokta, simama hapa mbele ututafsirie." Mtu yeyote anayefanya kazi hospitali huku ni dokta.

Nikasimama kando ya skrini. Mwanzoni nilifurahia, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Adui nilimfanya aongee kama afisa wa forodha, wakapiga makofi. Kisha tukafika kwenye barafu.

Kaka, sikuwa nimeiona filamu hiyo tangu nina miaka tisa, ulipokaa nyuma yangu ukinitafsiria sikioni. Nakumbuka ulichosema pale stelingi anapopiga magoti: "Usilie, amezimia tu, wanampeleka hospitali." Kumbe hata yule mtafsiri wa CD aliwaambia wavuvi hivyohivyo. Jana nikasikia mwenyewe anachosema daktari wa ndani ya filamu. Anasema yule dada amekufa. Ni maneno machache, hayana namna nyingine ya kuyaelewa.

Bilali alikuwa ameinama mbele, mikono katikati ya magoti, ananiangalia mimi, si skrini.

"Anasemaje, dokta?"

Nikasema, "Amezimia tu. Wanampeleka hospitali."

Watu wakashusha pumzi. Bilali akampiga yule fundi begani. "Nilikwambia nini!" Ba Amisi akaiandika Ya Barafu namba moja, nao wakaninunulia soda. Sikuweza kuimaliza.

Sikudanganya kwa ubaya. Nilimwangalia mtu usoni nikaona siwezi kuwa mimi wa kumpa habari ile. Ilikuwa rahisi, kaka, rahisi mno, na hapo ndipo nilipoogopa. Nilielewa kinachokupata ukipokea simu yangu: unamsikia mdogo wako yuko mbali, amechoka, hana mtu, unachagua neno jepesi. Sikulaumu, nami nimefanya hivyohivyo. Lakini Bilali hana hasara. Yule dada ni mtu wa kwenye skrini. Mama ni mama yangu.

Mimi napima damu za watu kila siku. Nipe jina la ugonjwa, nipe majibu ya vipimo, nitajua pa kuyaweka moyoni. Kinachonimaliza ni kutojua. Siku hizi nikikuta sukari imepanda kwa mama wa mtu, natazama jina kwenye kichupa mara mbili, kana kwamba litakuwa la Mama.

Nimejaza fomu ya likizo ya dharura. Kwenye nafasi ya sababu nimeandika "mama mgonjwa", ingawa hakuna aliyeniambia hivyo. Kesho naipeleka kwa mkuu wangu, na akikubali nitapanda treni. Nikimkuta Mama yuko bombani kweli, akanigombeza kwa kupoteza siku za kazi, basi nitakuwa nimeongopa serikalini, na nitafurahi.

Barua hii anakuja nayo muuguzi mmoja wa hospitali yetu anayesafiri kwenda Morogoro. Treni haikai sana hapo Kilosa, kwa hiyo mngojee stesheni. Siku nitakutumia kwa ujumbe.

Nisalimie shemeji, mwambie vitenge alivyoagiza nimevipata. Wasalimie wanao, na shangazi wa kule sokoni, na mjomba asiyechoka kuniulizia mchumba.

Mama simsalimii kupitia kwako. Macho yake hayasomi tena maandishi madogo, kwa hiyo keti naye umsomee barua hii kwa sauti, kuanzia juu, pamoja na habari za simu nne, pamoja na mstari huu. Usiruke.

Mdogo wako,
Stella