Pointi Mbili za Hesabu

Papa wangu,

Nimekuwa na neno nawe tangu ungali hai, na sikulisema. Leo nalisema.

Unaukumbuka mwaka ule Wazungu walipoondoka Kalemie, walimu wakawa haba, nawe uliyezoea watoto wa shule ya msingi ukapewa hesabu za sekondari, darasa langu likiwemo? Nyumbani nilikuita Papa, darasani Mwalimu, na wewe hukuchanganya hata siku moja.

Julai, siku ninyi walimu mlipojifungia kuamua matokeo, nilisimama uani tangu asubuhi. Masomo mengine nilijua nimepita. Niliogopa lako. Hesabu ilikuwa somo kubwa, na aliyepata chini ya hamsini kwa mia kwenye somo kubwa alirudia mtihani Septemba, hata jumla yake ikiwa nzuri. Njia ilikuwa moja tu: mwalimu mwenye somo aliweza kuongeza hadi pointi mbili mbele ya wenzake. Mwenye somo peke yake. Hata prefe, mkuu wa shule, hakuwa na ruhusa hiyo. Nami nilikuwa nimewekewa nafasi ya kusomea ualimu kwa masista huko Baudouinville, ila walimtaka aliyepita Julai. Mama alikwisha kunishonea nguo za safari ya meli.

Yaliyosemwa ndani tuliyapata jioni kwa mwalimu wa jiografia, aliyekuja kumpa Mama pole. Nilikuwa na arobaini na nane. Prefe aliweka kalamu chini, akakwambia, "Mutoto ni wa kwako, Mwalimu. Ukisema ndiyo, tunaandika hamsini."

Ulimrudishia kalamu yake. Kisha ukasema, "Asubuhi nilikatalia mutoto wa mwenzangu, naye alikuwa na arobaini na nane. Wa kwangu naye, hapana."

Mama hakusema nawe wiki nzima. Chakula alikutengea, maneno akakunyima. Mimi nilikuchukia, Papa, nisifiche. Likizo yote ulinikalisha mezani na hesabu, nikazifanya huku nimekaza meno. Septemba nikapata sabini na moja, na aliyesahihisha alikuwa mwalimu mwingine, kwa kuwa uliomba hivyo mwenyewe. Lakini nafasi yangu ilikwisha kupewa msichana mwingine, na meli imemchukua. Ualimu niliupata miaka baadaye, kwa kuzungukazunguka, na kila nilipokwama nilijiambia kwamba baba yangu hakujisumbua hata kuzitafuta zile pointi mbili.

Wiki iliyopita Mama alinipa sanduku la karatasi zako. Karatasi yangu ya mtihani imo. Umeisahihisha kwa penseli: arobaini na saba. Umeisahihisha tena kwa wino mwekundu: arobaini na saba. Mara ya tatu umepita kwa wino wa buluu, mstari kwa mstari, ukikata na kurudisha: arobaini na nane.

Nimekaa nayo siku tatu, silali vizuri. Na mimi ni mwalimu wa hesabu sasa, macho yangu yamezoea. Jana nikachukua kalamu, nikaisahihisha mara ya nne, bila kukuhurumia wala kujihurumia.

Nimepata arobaini na saba.

Pumzika, Papa. Ile moja uliyonitafutia nimeiona.

Binti yako wa kwanza