Ncha ya Kiatu cha Kulia

Mdogo wangu mpenzi,

Viatu vya majaribio ulivyorudisha vimefika salama. Huku karakanani hatujambo, ila harufu ya gundi mpya imeingia hadi kwenye chai, na fundi wa kalibu za kumiminia soli bado anajisifu kwamba soli zetu zitamfanya hata konokono akimbie. Nilicheka naye.

Umeandika kwamba vinasukuma vizuri, na kwamba kasi yako imepungua kwa sababu ya jua tu. Sawa. Lakini unajua kazi yangu ni kusoma soli. Mkimbiaji anapoisukuma ardhi, soli huisha chini ya kidole gumba. Kiatu chako cha kushoto kimeisha hapo. Cha kulia, hapo bado papya kabisa. Kilichochubuka ni ncha, kama cha mtu anayeburuta mguu.

Viatu vya baba vilianza hivyohivyo, kabla ya mkongojo, kabla ya kitanda. Na daktari alituambia ugonjwa ule hurithiwa.

Tangu viatu vifike nimebadilisha sponji ya ndani ya soli, nimeweka bamba gumu zaidi katikati yake, nimekata soli upya. Kazi bure. Soli hurudisha nguvu iliyopewa. Mguu usipotoa nguvu, haina cha kurudisha.

Nenda hospitali, tafadhali. Najua utasema ni uchovu tu. Baba naye alisema hivyo.

Jozi hii mpya ninayokutumia pamoja na barua si ya kukimbilia. Nimeinua ncha ya kulia ili usijikwae hapo nyumbani. Mama akiuliza, mwambie ni mtindo.

Ni mimi, dada yako.