Mama wa Jumatatu

Jumatatu, 4 Machi

Chiriku amecheka leo! Acha nianze na hilo, mengine yatafuata.

Jina hilo la utani alipewa na baba yake kwa sababu ya mdomo usiopumzika. Lakini tangu mama yake afariki mwaka jana, hasemi. Ana miaka saba, anaitikia kwa kichwa tu, na walimu wameshakata tamaa. Ndipo akaletwa kwangu. Chumba changu cha kutibu watoto kwa michezo pale hospitali kina mkeka, sanduku la nguo za kuigizia, na dirisha lisilofungika vizuri. Wenzangu wanakiita ukumbi wa sinema. Wacheke tu. Sheria zangu ni mbili: mtoto ndiye anayegawa uhusika na mimi sikatai. Halafu, kabla ya kutoka, tunavua. Tunasimama mlangoni, tunafuta nyuso kwa viganja, tunapeana mikono, kila mmoja anasema yeye ni nani hasa. Daktari arudi kuwa daktari, mtoto arudi kuwa mtoto.

Leo akachomoa mtandio sandukuni, akanifunga kichwani. Akasema — kwa mdomo wake! — "Wewe mama." Yeye akawa mtoto asiyetaka kuoga. Nikamkimbiza chumba kizima na ndoo isiyokuwepo. Alicheka mpaka akashikwa na kwikwi.

Mara simu. Mzee Kelele, mwongozaji wa kikundi changu cha maigizo, anafoka kama kawaida: mazoezi yanaanza mapema, wote wamefika, niko wapi? Nikamkabidhi Chiriku kwa baba yake, ambaye hungoja kwenye benchi hapo nje, kisha mguu niponye. Kufika jukwaani, watu wananitazama kichwani. Mtandio bado ninao.

Hatukuvua! Mimi, ninayewafundisha wengine!

Jumatano, 6 Machi

Baba Chiriku kapiga simu. Fundi friji, mtu wa maneno machache. Anasema mtoto ameomba kuongezewa chakula, na amelala bila kushtuka. Kashukuru mpaka nikaona haya. Hapo ndipo ningemwambia kwamba kuna kitu nimekosea. Nikajitia hamnazo.

Jioni mazoezini. Igizo jipya, mimi ni mama anayeondoka asirudi. Kwa mara ya kwanza Mzee Kelele hakunikatiza. Akasema daktari leo umeiva, umekula nini? Wengine wakapiga makofi. Nilifurahi, na furaha yenyewe ikanichoma.

Jumatatu, 11 Machi

Nilikuwa nimekata kauli tuvue kabla ya lolote. Mtandio nimeurudisha sandukuni. Nikanyoosha mkono. Chiriku akaficha wake nyuma, akatikisa kichwa, akauchomoa mtandio. Mama tena.

Na ni mwongozaji mkali, Mzee Kelele hamfikii! Mama hasemi hivyo. Mama anashika kiuno. Nikakosea makusudi, akapandisha mabega kwa hasira, nusura nicheke. Kisha akanifundisha jinsi mama alivyokuwa akimwita baba mezani: "Baba Chiriku, chai inapoa, au mpaka nikuandikie barua?" Nikasema. Kwa nguvu, akaamuru. Nikarudia. Kwa nguvu zaidi! Nilipaza sauti hadi muuguzi akachungulia.

Mwisho alikataa kuvua. Ningeweza kumvuta taratibu, kazi hii naijua. Sikumvuta.

Alhamisi, 14 Machi

Nimemweleza mkuu wa kitengo. Mama mtu mzima, hana papara. Alinisikiliza huku akimenya chungwa. Halafu akasema: mwanangu, yule mtoto anafiwa upya kila Jumatatu, na safari hii wewe ndiye unayemfanyia hivyo. Jumatatu hii avue. Asipovua, nimkabidhi kwa mwenzangu wa chumba cha pili.

Na wewe je, akaniuliza, wewe uko salama? Nikasema niko salama. Akanipa kipande cha chungwa.

Siko salama. Jioni yote nimewaza ile mimba iliyoharibika, na mume aliyeniaga miezi michache baadaye kana kwamba anakwenda kununua gazeti. Watoto wa watu wamepita wengi mikononi mwangu. Hakuna aliyewahi kuniita mama, hata kwa kuigiza. Nikiwa chini ya ule mtandio sijioni mpweke. Najua ni makosa, najua yanaitwaje vitabuni, nimewahi hata kuyafundisha. Sitaki kuvua. Nimeshaandika. Basi.

Jumamosi, 16 Machi

Onyesho la kwanza. Ukumbi umejaa. Watu wamelia. Mimi nimelia nyuma ya pazia, na si kwa sababu ya igizo. Mzee Kelele kanikumbatia — niachane na hospitali, anasema, kipaji kinaniozea. Nilitaka kumwambia kwamba anachokipigia makofi nimekichukua kwa mtoto wa watu. Nikaomba maji ya kunywa.

Jumatatu, 18 Machi

Naandikia hapa hapa kwenye benchi, nje ya chumba changu. Wameondoka sasa hivi.

Nilipiga moyo konde. Sanduku nililifunga mapema nikalisukuma pembeni. Chiriku alipoingia nilipiga magoti mkekani nikamwambia: nilikosea siku ile, niliondoka bila kuvua. Mimi si mama yako. Mama yako amefariki. Mimi ni daktari wako. Sauti ilinikatikia katikati, mimi wa jukwaani! Nikangoja kilio.

Hakulia. Akafuta uso kwa viganja, upesi upesi, kama mtu anayeharakisha kazi ya mwenzake. Akanipa mkono. Kisha akaninong'oneza sikioni.

"Mimi nilivua siku ile ile. Kwenye ngazi. Peke yangu."

"Sasa mbona wiki iliyopita ulikataa?"

Akatazama mlango. "Baba anasikia."

Yakatoka kidogo kidogo, kwa sauti ya chini. Baba hulia jikoni. Hufungua bomba ili asisikike, lakini anasikika. Jumatatu halii. Jumatatu anapika, anapiga mluzi, mpaka kesho yake. "Mama akiongea humu ndani, baba anakuwa mzima. Ukitaka kuvua, vua polepole, daktari. Asisikie."

Kumbe! Nilikuwa napaza sauti kwa ajili ya mtu wa benchi. Nilidhani nimemshikilia mtoto katika uongo, kumbe mtoto alishatoka zamani, ametuacha ndani wakubwa wawili na yeye anatulinda mlangoni. Miaka saba. Na yeye mwenyewe bado hajapata nafasi ya kumlilia mama yake. Roho imeniuma, naona aibu hata kuandika.

Nikafungua mlango. Baba akasimama haraka. Amenyoa ndevu. Shati limepigwa pasi — mimi nimemzoea na nguo za kazi, zenye harufu ya gesi na madoa ya grisi.

"Leo mmekuwa kimya," akasema. Akatazama viatu vyake. "Daktari, usinione nimechanganyikiwa. Nilimzika mwenyewe kwa mikono hii, najua. Ila ile ya chai... nilikuwa naisubiri."

Maneno nilikuwa nayo. Nimeyasomea. Kwamba mtoto wake amebeba mzigo usio wake. Kwamba ghorofa ya juu kuna mtu wa kuongea na wafiwa, nimpeleke sasa hivi, tupande pamoja. Yalikuwa yamejipanga mdomoni. Chiriku akanishika sketi kwa nyuma. Hakuvuta, alishika tu.

"Jumatatu, saa ile ile?" baba akauliza.

Nikasema saa ile ile.

Wameteremka ngazi, baba anapiga mluzi. Chiriku aligeuka mara moja kunitazama. Hakucheka. Sijui alikuwa ananishukuru au ananionea huruma.

Mkuu wa kitengo ametokeza mlangoni kwake. Ananiuliza kwa mbali: mtoto amevua? Nimemjibu ndiyo, mtoto amevua. Si uongo. Uso umemng'aa, anasema alijua tu nitaweza. Anakuja hivi, anataka kukaa nami hapa nimsimulie ilivyokuwa —