Kayaba Yangu ya Sufuriani

Mjukuu wangu Wakesho,

Hatujambo hapa Voi, ni mvua tu imetukimbia. Unauliza kama uitoe bonsai yako ya kayaba chunguni uipande ardhini, kwa sababu jirani yako anaihurumia kwa kukatwakatwa ili ibaki mti mdogo. Thubutu!

Nikiwa msichana niliotesha kayaba kwenye sufuria iliyotoboka. Kayaba, mti huu wa miiba tunaozungushia mashamba, hukua mbio, kwa hiyo kila Jumamosi niliipunguza kwa makasi, miaka minne, ikawa mti kamili usiofika gotini. Siku moja nikatoka shule nikakuta baba ameihamishia kwenye ua wa shamba, katikati ya kayaba nyingine.

"Nimeifungua, sasa ipumue," akasema, akitabasamu.

Kumjibu baba ilikuwa mwiko. Mpaka leo nachemka! Mwaka uliofuata niliupitia ua ule wote nikiitafuta, nikashindwa kujua yangu ni ipi.

Nyanya yako