Mawe ya Kusagia Niliyoyakataa

Mpendwa Mama Kirti,

Shikamoo mama. Kwanza uniwie radhi. Huu ni mwaka wa pili tangu uhamie Arusha kwa Kirti, na mimi sijakuandikia hata mstari mmoja. Ulipiga simu mara tatu nikakwambia mtandao mbaya. Mtandao ulikuwa mzima. Nilikuwa nakukimbia, kwa sababu kila ukipiga unaanza na lile swali lako, "Asubuhi mmekula nini?" na kwa hilo wewe sikutaka kukudanganya. Wengine niliwadanganya. Leo nakujibu kwa karatasi, maana kwenye simu ningelia, na wewe mtu akilia unaanza kumpa ushauri kabla hajamaliza.

Salma ana miaka minne sasa. Mzio wake haujaisha. Daktari alirudia yale yale: samaki, mayai na maziwa vikae mbali naye, na samaki ndiye mbaya kuliko vyote. Nyumba niliyotoka unaijua. Baba yangu aliuza dagaa sokoni Mwaloni mpaka madaftari yangu ya shule yakanuka dagaa. Halafu mimi huyo huyo nikapewa mtoto ambaye vumbi la dagaa linaweza kumfunga pumzi.

Unakumbuka siku ya kwanza nilipopanda kwako, pale Kirumba? Sisi tulikaa chini, ninyi juu, msiokula samaki wala nyama. Nilikuwa na miaka tisa, mama alinituma nikuletee nguo zenu alizofua. Ulisimama mlangoni ukaninusa. "Huyu ni Hadija au ni sangara?" Nilicheka mpaka mashuka yakaanguka. Ukanirudisha chini, kwenye mlango wa ngazi, kwenye ndoo yako, yenye limao na majivu pembeni, ukasema, "Samaki wote wanaishia ngazi ya kwanza. Nawa, kisha upande." Nilinawa mara tatu ndipo ukaniruhusu kuvuka.

Nyumbani bibi yangu alinitania mwezi mzima. "Wahindi wa Kirumba wameongezeka! Hadija naye kala majani asubuhi, mchana ataota mizizi." Lakini kesho yake nilipanda tena, kwa sababu ya yale mawe yako mawili ya duara, lililo juu lina mpini wa mti. Ulimwaga dengu kwenye tundu, ukanishikisha mpini, nikazungusha mpaka bega likauma, na unga wa njano ukawa unatoka pembeni kama mchanga. Tukaukoroga na maji, kitunguu, pilipili, nyanya na kotimiri. Ukamimina kwenye kikaango, nami nikataka kugeuza mara moja. Ukanipiga kidogo na mwiko. "Ngoja kingo zinyanyuke zenyewe. Chila ikiwa tayari inakuaga." Ile chila, chapati yetu ya maji isiyo na yai, ndiyo kitu cha kwanza nilichojua kupika maishani.

Tena hukuwa unaonja. Chakula ulikitenga kwanza kidogo mbele ya picha za Mungu wako, ndipo watu wale. Nikakuuliza, "Sasa chumvi unaijuaje?" Ukasema, "Mkono unajua." Mimi siku hizi naonja kila kitu kabla ya Salma, mama. Naonja, nasubiri, naonja tena. Halafu nakumbuka kwamba hainisaidii kitu, kwa sababu mimi dagaa hawanidhuru. Ulimi wangu hauwezi kumlinda.

Siku mnahama ulitaka kuniachia yale mawe. Yalishafungwa kwenye gunia, ukamwambia aliyebeba ayashushe. Nikakataa. Nakumbuka nilivyojibu, tena kwa maringo: "Mama, Nyakato mashine ya kusaga iko mlango wa tatu kutoka kwangu. Nifanye nini na mawe?"  Ukasema, "Haya."

Sasa nikwambie kilichotokea.

Ilikuwa mwaka jana. Nilikuwa na kichanga mgongoni, sijalala vizuri wiki nzima. Nilipeleka ulezi mashine kwa ajili ya uji wa Salma. Ulezi nilikuwa nimeuosha na kuuanika mwenyewe, nikiwafukuza kuku. Aliyekuwa mbele yangu alikuwa amemaliza kusaga unga wa lishe, ule wanaochanganya mahindi, karanga, soya na dagaa. Mama, nilimwona. Harufu niliisikia. Na utaratibu wa mashine unaujua: ukimfuata mtu wa dagaa, unatanguliza mahindi kidogo yasafishe njia, na unga ule wa kwanza unawapa kuku. Mahindi ya kutanguliza nilikuwa nayo, kwenye mfuko mweusi. Ila foleni ilikuwa ndefu, mtoto analia, na mwanamke wa nyuma yangu akasema, "Dada, hao dagaa kidogo ndiyo utamu wenyewe, mwaga ulezi twende." Nikamwaga ulezi.

Asubuhi nikapika uji. Niliweka karanga za kutwanga kwa mkono na ndizi mbivu badala ya sukari. Uji mzuri. Salma alikunywa vijiko vinne. Cha tano akakisukuma akasema, "Mama, mdomo unawasha." Nilipomwangalia midomo ilikuwa imeshavimba, na kifua kinapiga filimbi. Sikumbuki nilivyofika barabarani. Nakumbuka tu nipo kwenye bodaboda, mmoja mgongoni mmoja kifuani, namwambia dereva kimbia, na yeye ananijibu nakimbia dada, nakimbia. Pale zahanati walimchoma sindano. Alipoanza kupumua vizuri tena aliniuliza kama uji wake umepoa.

Na mimi, mama, watu walipouliza, nilisema ameumwa na nyuki. Nilimwambia hivyo hata Juma, mume wangu. Niliona aibu kwamba ni mkono wangu. Unga niliumwaga chooni, mfuko nikauchoma.

Tangu siku hiyo asubuhi naiogopa. Sipeleki kitu mashine. Namchemshia viazi vitamu na magimbi, Ijumaa napika mihogo kwa tui la nazi. Chila napika mara moja moja, nikipata unga wa dengu wa pakiti, na hata huo nauangalia kwa mashaka, maana sikuuona ukisagwa. Jirani akiazima kikaango, nakisugua akirudisha, kisha nakaa nakitazama. Juma ananiambia, "Wewe unapika kama mtu anayetegua bomu." Alikuwa anatania. Sikucheka.

Kilichonifanya nishike kalamu ni hiki. Mwezi ujao narudi kazini kiwandani, na mama mkwe anakuja kutoka Sengerema kukaa na watoto. Wiki iliyopita alipiga simu kwa furaha.

"Nakuja na kivuko cha asubuhi. Nawaletea dagaa, wale wa kuanikwa juu ya mawe, hawana mchanga."

"Mama, Salma hali dagaa."

"Mmemdekeza. Mtoto wa ziwani akatae dagaa? Nitawasaga laini, niwe namtilia kidogo kidogo kwenye uji mpaka azoee. Hata hatajua. Mwenyewe utanishukuru."

"Mama, watamdhuru."

"Lini walimdhuru? Ile ya mwaka jana si mlisema nyuki?"

 Hasemi kwa ubaya, anampenda mjukuu wake, na ndiyo maana naogopa. Mtu mbaya ningemfungia mlango. Nikaona uongo wangu umekwenda mpaka ng'ambo na sasa unarudi na kivuko, umebeba dagaa.

Jana asubuhi nilimwambia Juma ukweli, huku chila iko kwenye kikaango. Sikumtazama, niliangalia kingo tu. Nilimweleza mashine, mfuko mweusi, yule dada wa nyuma yangu, vyote. Chila ikaungua upande mmoja. Nilidhani atanitukana. Akasema, "Mwaka mzima umelibeba peke yako?" Kisha akasema, "Ungeniambia, mama yangu asingekuwa na cha kushikilia." Hapo alisema kweli, na iliniuma kuliko tusi.

Akampigia mama yake pale pale. Akamweleza yote. Mama mkwe akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa dagaa wabaki huku, mimi nikija nitampikia nini?"

Nikakufikiria wewe. Mama mkwe ni mtu wa kusaga kwa jiwe tangu utoto wake, mikono yake inajua. Akiwa na mawe yasiyowahi kuguswa na samaki, na dengu nzima, na ulezi niliouosha mwenyewe, huenda nitaweza kutoka mlangoni kwenda kazini. Huenda. Bado nikifumba macho naona kijiko cha tano.

Nimelikataa lile gunia mara moja. Sasa nalitaka; naomba mara hii usinijibu "Haya" kisha ukabaki nalo. Msalimie sana Kirti. Salma anakusalimia bila kukujua, amechora ndizi hapo pembeni, anasema ni ya "bibi wa juu".

Mwanao wa ngazi ya kwanza,
Hadija

Vitu ninavyoomba ufunge kwenye basi, Juma atavipokea stendi:

Mawe yote mawili, na mpini wake, na kile kijiti cha katikati ambacho jiwe la juu linakizunguka, kisisahaulike.

Dengu nzima kilo tano, zisizosagwa popote.

Kikaango kimoja cha zamani cha kwako, hata kama kimepinda.

Barua fupi kwa mama mkwe, kwa mkono wako. Mimi ni mkwe, maneno yangu ni ya mkwe. Wewe ni mtu mzima mwenzake. Mwandikie ile kanuni ya samaki na ngazi. Usimwonee haya.

Na ile ndoo, kama bado unayo. Kama huna nitanunua nyingine hapa, lakini uniambie ulikuwa unaiweka upande gani wa mlango, kulia au kushoto, maana nimesahau, na sitaki kukosea tena.