Nilisomeshwa kwa Ndizi, Leo Nazikataa

Mpendwa Mshauri, shikamoo Mama Magdalena, naomba msaada wako, tena naomba unijibu upesi, maana Jumapili ya pili kuanzia leo nitasimama kanisani mbele ya usharika mzima nikiwa na karatasi mkononi.

Mimi ni mkulima wa kahawa na ndizi huku mlimani Meru, juu ya Tengeru, nina mke na watoto wanne, na huu ni mwaka wa tatu nikiwa katibu wa kamati ya shule yetu ya misheni, shule ya kutwa, watoto wanakuja asubuhi na kurudi kwao jioni, shule ileile niliyosoma mimi. Naomba nikueleze ilivyokuwa zamani, maana bila hiyo hutanielewa.

Zamani, Mama, nazungumzia miaka ya thelathini, ada ya shule yetu ililipwa kwa chochote mtu alichokuwa nacho, wengine maziwa, wengine kuni, wengine walikuja kukandika kuta, na wengi wetu tulileta ndizi, basi kila Jumatatu asubuhi njia ya shule ilijaa mikungu juu ya vichwa vya watoto na mama zao, ukungu bado haujainuka, tunateleza kwenye matope na kuchekana, na Mwalimu Sumari amesimama mlangoni mwa jiko anapokea, hapimi, hasemi huu ni mdogo, anasema tu, "Asante, karibu darasani," na saa sita mchana tunakula wote ndizi zilezile na maharage, mtoto wa mwenye ng'ombe arobaini na mtoto wa mjane sinia moja. Harufu ya jiko lile naikumbuka mpaka leo. Sijui kama kuna chakula nimekula tangu hapo kikanishibisha vile.

Mtoto wa mjane nilikuwa mimi. Baba alifariki sijang'oa hata meno ya utoto, na migomba yetu michache haikututosha wenyewe, basi jirani yetu Mama Anande, ambaye si ndugu yetu wala si wa ukoo wetu, kila Jumatatu alikata mkungu mmoja kwa ajili ya binti yake Anande na mkungu wa pili kwa ajili yangu, miaka minne mfululizo, na wangu niliubeba mwenyewe kichwani. Sitakudanganya Mama, niliona haya. Utomvu wa ndizi hautoki kwenye nguo, unajua, na kaptula nilikuwa nayo moja tu, ikajaa madoa meusi, wenzangu wakanipa jina la Mkungu, na jina hilo lilinifuata mpaka nilipooa.

Sasa sikia nilichofanya. Mwaka jana mwenyekiti wetu Bwana Thomasi aliuliza kikaoni tufanye nini juu ya ada, maana walimu wanataka mishahara yao, na huyu analeta mahindi, huyu analeta kuni, yule haleti kitu, ndipo nikasimama, siku hiyo nimevaa viatu vipya, nikasema watu wa kisasa hulipa fedha, kwa hiyo jiko lifungwe, kila mtoto aje na chakula chake, na ada ipokewe kwa shilingi tu, nusu Januari na nusu mwisho wa mwezi wa tano, na asiyemaliza jina lake lisomwe kanisani na mtoto wake abaki nyumbani. Wakanipigia makofi, nami nikafurahi kama mjinga.

Orodha ninayo hapa mezani, watoto kumi na mmoja, na wa tano ni Ruth, binti wa Anande yuleyule. Mumewe Elirehema alikuwa na ng'ombe kule Ngarenanyuki mpaka serikali ilipowahamisha kuwapisha walowezi, mambo ambayo sitayaeleza gazetini maana kila mtu anayajua, wakarudi huku na watoto wao na sufuria mbili. Jumamosi iliyopita Anande alikuja kwangu kwenye mvua na mkungu kichwani, mkubwa kabisa, akautua barazani, akasema, "Baba Kaanaeli, shilingi sina. Kahawa bado ni ya kijani, wewe mwenyewe unaiona. Pokea huu kwanza, Jumatatu nitaleta mwingine." Nikamjibu kwamba kanuni ni kanuni. Aliinama akaushika mkungu, akasema, "Mama aliniambia kwako sitakuwa na haja ya kueleza mengi." Akajitwika mkungu wake, akateremka nao. Mama yake yu hai, Mama, macho yake hayaoni vizuri siku hizi, na tangu nizaliwe hajanidai kitu.

Mke wangu anasema nimlipie Ruth kimyakimya mambo yaishe. Bwana Thomasi anasema nikimwachia mmoja wote watadai waachiwe. Mimi mwenyewe nafikiria kujiuzulu. Au niisome tu hiyo orodha, kwa kuwa kanuni niliitoa mimi kwa mdomo wangu? Nisaidie, nimebanwa.

Ni mimi, Katibu Mwenye Haya, Meru.

JIBU

Marahaba, mwanangu Katibu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na ya kwanza niliisoma kwa hasira. Jibu hili nimekutumia kwa posta pia, kwa sababu gazeti likichelewa njiani hiyo Jumapili itakupita.

Nikuulize kwanza. Kwenye kamati yenu, ni nani asiye na kahawa? Naona mnayo wote. Na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba mwezi wa tano mvua inamwagika, kahawa iko mtini, na fedha za chama cha ushirika hazionekani mpaka mavuno? Karani mgeni kutoka pwani angepanga tarehe hiyo ningemsamehe. Ninyi mmezaliwa chini ya mibuni! Mmejiwekea kalenda ya watu wenye mishahara, kisha mnawafukuza watoto kwa sababu wazazi wao ni wakulima kama ninyi.

Na hayo ya mishahara ya walimu, niache. Jiko lile ulilifunga kwa sababu ya kaptula yako. Yule mtoto aliyeitwa Mkungu namwonea huruma kweli, ningekuwa jirani ningewachapa wote waliomcheka. Lakini wewe sasa ni mtu mzima mwenye viatu, na watoto kumi na mmoja hawawezi kukosa shule ili usahau jina la utani.

Ngoja nikwambie kitu, kwa kuwa unapenda ya zamani, nami ninayo. Wakati wa vita nilikuwa nikishona nguo karibu na kambi ya wakimbizi hapo Tengeru. Kulikuwa na mzee mmoja Myahudi kutoka Polandi, fundi saa, alipenda kuja kukaa mlangoni kwangu na kusimulia kwao kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. Alisema mjini kwao walikuwa na shule ya dini yao, nayo ni ya kutwa kama yenu, na ada yake ilikuwa nzito. Basi wazee wawili walimwita kila mzazi peke yake, wakamuuliza ataweza nini, na alichosema kilibaki kwao wawili. Mwalimu hakuambiwa, watoto hawakujua, na aliyekuwa nacho zaidi aliongeza. Nilimuuliza kama shule hiyo bado ipo. Aliinama akaendelea na saa yake, kisha akasema haipo, wala wale watoto hawapo. Nilishindwa kushona siku nzima. Mtu yule alipoteza kila kitu, na alichokuwa akikikumbuka kwa fahari ni kwamba hakuna mtoto aliyerudishwa nyumbani.

Sasa fanya hivi. Usimlipie Ruth kimyakimya. Mkeo ana moyo mzuri, ila wale kumi wengine atawalipia nani? Na usijiuzulu, maana karatasi itapewa mwingine aisome bila hata kutetemeka.

Ukipata barua hii, siku hiyohiyo teremka kwa Anande kwa miguu yako. Chukua sukari na majani ya chai, bahasha ya fedha iache nyumbani. Mwamkie mama yake kwanza, ukae chini, umwambie ulichomfanyia binti yake barazani kwako. Usitafute maneno ya kujitetea. Akilia, subiri. Akikucheka, shukuru.

Kutoka hapo nenda kwa Bwana Thomasi umwambie unataka kikao kabla ya Jumapili. Nusu ya pili ya ada isogezwe mpaka chama kilipe kahawa. Jiko lifunguliwe, na asiye na shilingi alete ndizi, kuni, au siku zake za kazi, maana watoto wanakula kila siku na hicho chakula kinatoka mahali fulani. Wenye shilingi watoe shilingi, ndizo za walimu. Mchague watu wawili wasio na midomo wawasikilize wazazi faraghani, mmoja wao awe mama. Na majina yasisomwe kanisani, mwaka huu wala mwaka mwingine. Bwana Thomasi akisema wote wataleta ndizi, mjibu kwamba wote watakula.

Na wakikukatalia, mwanangu, Jumapili simama kama ulivyoahidi, ufungue hiyo karatasi, lakini jina la kwanza lisome lako, lako na la baba yako, useme: huyu alisoma hapa miaka minne na hajalipa hata senti. Kisha uwanyoshee karatasi, uone ni nani atakayekuja kuichukua aendelee kusoma.