Zamu ya Alhamisi

Jumatatu, 8 Januari 2024

Nimeingia darasani leo. Miaka thelathini na tatu, na dawati la watoto halinitoshi — nimekaa upande. Kanga imenasa kwenye msumari ikachanika kidogo. Si kitu.

Ni darasa la watu wazima, shule ya msingi ya hapa Usa River, watoto wakishatoka. Jumatatu, Jumatano na Alhamisi, saa kumi na nusu jioni. Somo la kwanza Maarifa ya Jamii. Mwalimu ni binti mdogo, Nashilu, katoka chuo juzi tu. Alipoingia tukasimama wote: shikamoo mwalimu! Na yeye wakati huohuo anatuamkia sisi. Marahaba haikutoka kwa mtu. Tukabaki tumesimama, tunatazamana. Mzee Nathanael wa dawati la mbele, mwenye mvi kichwa kizima, ndiye aliyeanza kucheka. Mwalimu akasema basi humu ndani tutasalimiana habari za jioni, yaishe.

Sophia naye leo ameanza darasa la tano, kule Kolo, Kondoa, kwa mama yangu. Kitabu ni kilekile. Mimi niliishia darasa hilohilo. Baba alikufa, mbuzi wakabaki, na mimi nikabaki nao.

Desemba Sophia alitaka kuacha. Rafiki yake alipelekwa Dodoma kazi za ndani, karudi sikukuu na simu na rasta kichwani. Nikamwambia kwenye simu, rudi shule na mimi nitarudi. Akasema, "Sawa mama. Lakini ukiacha, naacha."

Mtoto wa miaka kumi na moja anajua kufunga mkataba! Basi siachi.

Jumatano, 10 Januari

Kazini, shamba la maua, wameshajua. Silantoi ndiye mkubwa wetu kwenye banda la waridi, Mwarusha wa upande ule wa pili wa mlima. Mkasi wake hausikiki ukipita, unaona tu ndoo imejaa. Namwamkia kila asubuhi. Leo aliitikia marahaba, kisha akaniuliza kama shuleni wamenipa uji. Banda zima likacheka. Agnela, anayekata matuta ya jirani na yangu, akawaambia waniache, siku nikiwa mkuu wa wilaya watanipigia magoti kuomba kiwanja.

Jioni kitabu kikafunguka kwenye michoro ya mapangoni ya Kondoa. Mwalimu akafurahi, kumbe tuna mtu wa huko! Wote wakanigeukia. Niseme nini? Nimekulia chini ya miamba ile, nimechunga chini yake, sijapanda hata siku moja. Mbuzi wangu hawakutaka kwenda huko. Nikasema hivyohivyo. Wakacheka, na mimi nikacheka. Lakini iliniuma.

Jumapili, 14 Januari

Nimempigia Sophia. Yeye michoro ameiona, walipelekwa na shule. Anasema ni watu wekundu, wembamba sana, vichwani kama wamejitwika vikapu, na mnyama mmoja ambaye darasa zima waligombana kama ni twiga au pofu, yule swala mkubwa. Nikamsikiliza mwanangu akinifundisha kwetu.

Akataka nimsomee kazi yangu ya nyumbani. Nikamsomea mpaka salio likakatika katikati ya mikoa.

Jumatatu, 15 Januari

Leo tumesoma rasilimali za jamii. Mwalimu akamwomba Mzee Nathanael asimame aeleze mfereji. Ni Mmeru, yumo kwenye kamati ya mfereji kule kwao juu ya Makumira. Alieleza vizuri, taratibu, mikono nyuma. Kila nyumba ina zamu yake ya maji. Ukiwa na shida unaazima zamu ya mwenzako. Huendi kwanza kwa mwenyekiti, unaongea na mwenye zamu, mnasimama wote wawili pale maji yanapofunguliwa, watu wakawaona.

Mwalimu akauliza kurudisha je? Mzee akasema aliyekuazima ndiye anayechagua siku. Hata kama siku hiyo mahindi yako yanakufa, unampa. Na hakuna kunung'unika, maana na yake yangeweza kufa alipokupa.

Nimeandika yote.

Jumanne, 16 Januari

Ovataimu! Gadiel supavaiza katusimamisha asubuhi mlangoni. Oda za Valentaini zimeingia. Kuanzia kesho wote tunakata mpaka saa moja jioni, hadi oda iishe. Asiyeweza, getini wapo wanaoweza.

Wazungu watapendana tarehe kumi na nne Februari. Sisi tunaanza na miiba kesho.

Jumatano, 17 Januari

Sikwenda darasani. Saa kumi na nusu ilinikuta tuta la sita. Mgongo. Sitaki kuandika.

Alhamisi, 18 Januari

Nilikuwa nakata huku nawaza mfereji. Chai ya saa nne nikawaambia wenzangu: tuazimane zamu. Siku yangu ya darasa mwenzangu mmoja akate matuta yangu kuanzia saa kumi. Siku atakayoitaka yeye, nakata ya kwangu na ya kwake. Maua ya Gadiel hayapungui hata moja. Nikaeleza sheria yote kama mzee alivyoieleza, mpaka ile ya kuchagua siku. Niliona bila hiyo haitakuwa haki.

Silantoi alikuwa anafunga kidole kilichochomwa. Akaniuliza, bila kunitazama, "Mfereji una wenyewe. Haya maua ni ya nani?"

Akaendelea kwamba nawafundisha watu kufanya kazi ya wawili, na kwamba Gadiel akiona mtu mmoja anaweza, kesho atawapunguza wengine. Wanawake wakaniangalia. Ana akili, huyu mama. Amekaa kwenye maua kuliko sisi wote.

Agnela akasema yeye yumo. Tukaenda wote wawili mbele ya Gadiel, tukasimama pamoja, watu wakatuona. Gadiel akakuna kichwa. Akasema yeye anahesabu ndoo, hahesabu watu, ila ndoo zikipungua mchezo umekwisha.

Saa kumi nikatoka. Silantoi akasema nyuma yangu, "Mwanafunzi, usisahau kuosha masikio." Nilikimbia mpaka shuleni.

Jumatano, 24 Januari

Jumatatu nilikwenda, leo nimekwenda. Agnela kanibeba. Tumesoma serikali za mitaa: kitongoji, kijiji, kata, wilaya. Nikaulizwa swali nikajibu nimesimama. Sijui kwa nini nilisimama, hakuna aliyeniambia. Mikono inanuka majani na mwalimu hajasema kitu.

Jumapili, 28 Januari

Mama kapokea simu kwanza. Anasema Sophia hakosi shule, hata siku ya mvua kubwa alikwenda na viatu mkononi. Yule rafiki wa Dodoma kampigia tena, anamwambia nafasi bado ipo.

Sophia akaniuliza swali moja tu. "Bado uko la tano?"

Nikamwambia nipo.

Jumatatu, 29 Januari

Alhamisi kuna jaribio. Ofisa elimu analeta karatasi mwenyewe. Atakayefaulu anaendelea na kitabu cha la tano. Atakayeshindwa au asiyefika anakwenda kundi la chini, wale wanaoanza kusoma na kuandika, mpaka mwakani.

Mimi kusoma najua. Nikishushwa kitabu si kilekile tena, na Sophia ataniambia nimeacha. Namjua. Ametoka kwangu.

Nimesoma leo mpaka shingo ikakaza. Nitafaulu. Naandika hapa ili nione: nitafaulu.

Jumanne, 30 Januari

Agnela amekuja asubuhi tukiwa tunachukua mikasi. Ameomba zamu yake.

Anataka Alhamisi.

Shamba alilolima na marehemu mumewe liko Kikatiti. Mashemeji wamesogeza mpaka, wamekwishapanda. Baraza la kata limewaita Alhamisi mchana, na mjumbe kamwambia asipoonekana wataandika kwamba hana dai. Aliongea anatazama chini. Hajui kuwa ndiyo siku ya jaribio. Au anajua, sijui.

Kata! Juzi tu nimejibu swali la kata nimesimama.

Nikamwambia sawa. Ilitoka mdomoni haraka, kabla sijafikiri, na nashukuru ilitoka haraka. Tukaenda tena mbele ya Gadiel, watu wakatuona. Silantoi hakucheka safari hii. Aliuliza tu, "Alhamisi si ndiyo mtihani wako?" Agnela akanigeukia, macho yakamtoka. Nikasema ndiyo, na zamu ni yake.

Agnela akataka kukataa. Nikamkatalia asikatae. Kama nyumba yangu ilinyweshewa wiki mbili, ya kwake isikauke.

Jumatano, 31 Januari

Nimejaribu milango yote. Gadiel: hawezi kuniruhusu, ndoo za Alhamisi ndizo zinakwenda uwanja wa ndege. Ila nikimaliza matuta yangu na ya Agnela niondoke, hata kama ni saa nane. Anajua anachosema. Nikiyakata yote peke yangu ni saa moja jioni.

Darasani nilimweleza mwalimu, nje, chini ya dirisha. Alisikitika, akashika mkono wangu wenye plasta. Karatasi si zake. Lakini ofisa hatafunga mlango mara moja. Jaribio linaanza saa kumi na nusu, na anayechelewa anaruhusiwa kuingia mpaka saa kumi na moja na nusu, mradi amalize pamoja na wengine. Akaniambia maswali ni mafupi. Akasema, "Njoo hata na dakika kumi, dada Zakia. Ziandike."

Ni mara ya kwanza kuniita dada. Mpaka leo nilikuwa bibie.

Nimepiga hesabu ya matuta mara tatu. Haitoki. Nitaanza kukata kabla ya wenzangu kufika. Sitakunywa chai ya saa nne. Nitakwenda na kalamu mfukoni.

Sijampigia Sophia. Nitampigia nikiwa na la kusema.

Alhamisi, 1 Februari

Naandika kwenye ndoo niliyoipindua, nje ya banda. Mapumziko ya saa kumi, Gadiel kalazimisha wote tutoke tupumue, wamepuliza dawa banda la pili na upepo unaleta. Dakika kumi na tano za bure ambazo sina.

Nimekuja na giza. Ya kwangu nimemaliza saa nane kasoro. Ya Agnela yamebaki manne, marefu, yale ya mwisho kule karibu na tangi. Mawili ningeweza kabla ya saa kumi na moja na nusu. Manne siwezi. Vidole vimevimba, kalamu naishika kama mkasi.

Agnela kampigia Gadiel simu kutoka Kikatiti, amwambie Zakia kwamba baraza limeanza na ameitwa jina. Gadiel kaniletea salamu hizo mwenyewe, hakukaa.

Nilisema moyoni sitamwomba mtu. Sheria ni kati ya wawili. Nikianza kuomba wengine, yale aliyosema Silantoi yatakuwa kweli, tutaishia kubebana wote na maua si yetu. Kwa hiyo sijaomba. Wenzangu wako kivulini wanakunywa chai. Nimewahesabu kwa macho, si kwa kusudi.

Silantoi hayupo.

Nimesimama nikachungulia kupitia nailoni ya banda. Amerudi ndani kabla ya muda, leso kaifunga puani. Yuko kule karibu na tangi, ameinama, ndoo yake miguuni. Hakuniambia kitu. Hakunitazama hata sasa. Anakata tuta la Agnela kutoka ule mwisho wa mbali, anakuja huku.

Saa kumi na dakika nane. Nafunga. Naingia nianzie mwisho huu.